Rika na Mkono wa Juu

Kwetu Michigan, mtu akikuuliza ulipiga kambi wapi, huna haja ya kumjibu kwa maneno. Unainua mkono wa kulia, kiganja kikikutazama mwenyewe, vidole vimebanana na dole gumba limejitenga kidogo, kisha unagusa mahali kwa kidole cha mkono mwingine. "Hapa." Basi, ameelewa. Upande wa kidole cha mwisho ni ufuo wa Ziwa Michigan, ambako jua linazama. Dole gumba liko upande wa Ziwa Huron. Ncha ya kidole cha kati ndipo nchi inapokwisha na daraja linapoanza. Jumapili baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, utawakuta wazee wanabishana habari za kambi wamesimama mikono juu, kama watu waliovamiwa na majambazi.

Katika mikono yote ya mtaa wetu, hakuna uliosomwa kama wa Rika Boersma. Nyumba yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati. Ni binti wa mkulima wa seleri, alipika katika jiko la shule miaka ishirini na sita, na hajawahi kufanya jambo la kuandikwa gazetini. Lakini muulize kuhusu viwanja vya kambi. Kipi kina kivuli mpaka saa nne, kipi kina mzizi utakaokukaa chini ya mgongo usiku kucha, kipi kinaletewa harufu ya choo upepo ukigeuka. Watu humpigia simu. Naye kabla ya kujibu huuliza kwanza: mna watoto? Nani anakoroma? Mtu wenu anaogopa radi? Akishapata majibu hukutajia namba, na ukienda huko utarudi unamshukuru.

Bustani za jimbo zilizo kando ya ziwa hufungua daftari lao la kuweka nafasi mtandaoni miezi sita kabla ya siku unayoitaka, saa mbili kamili asubuhi. Ikifika saa mbili na dakika tatu, viwanja vizuri vimekwisha. Kwa hiyo kila Januari, theluji imefika dirishani, Rika alikuwa anakaa mezani na kahawa yake, kidole juu ya kitufe, macho kwenye saa. Miaka thelathini na miwili alichukua kiwanja kilekile, namba sabini na nne, kwenye bustani ya Matuta Marefu. Mumewe Harlan alikuwa anasema, "Mwenye kuchagua ni Rika. Mimi wangu ni kuvuta karavani."

Harlan nilifanya naye kazi kiwanda cha samani, yeye kwenye meza ya randa, mimi kwenye gundi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tulipokuwa tunakula chakula cha mchana, watu wanasifia Matuta Marefu, aliniinamia akasema kuna mahali aliwahi kulala siku nne ambapo mtu hahitaji kusema kitu. Nikamwuliza ni wapi. Akachekacheka, akauma mkate wake. Nami sikufuatilia. Ningefuatilia, hadithi hii isingekuwapo.

Sasa Septemba ya mwaka juzi kiharusi kilimkuta kwenye banda la gari. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umejikunja kama ngumi, mguu wa kulia unaburuta, na maneno yote yamekwenda. Yote, isipokuwa moja. Lililobaki ni "Jumanne".

Ukimwuliza anataka supu, Jumanne. Ukimwuliza kama anaumwa, Jumanne. Wiki ya kwanza binti yao, Marla, anayeishi Lansing, alifuta shughuli zake zote za Jumanne akidhani baba ana jambo siku hiyo. Mwalimu wa kumfundisha kusema akawaeleza kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi: ndani kila kitu kipo, ila mlangoni linapita neno moja tu. Harlan alikuwa anamsikiliza mwalimu huyo huku machozi yanamtoka, kwa hiyo tukajua ni kweli.

Rika naye akafungiwa pamoja naye. Alikuwa hawezi kwenda mbali zaidi ya sanduku la barua. Siku nzima ni kumnyanyua, kumketisha na kubahatisha. Aliniambia, "Jirani, ni kama tumefungiwa chumba kimoja, ufunguo anao yeye, na hawezi kuniambia uko mfuko gani."

Kisha mwezi wa Novemba Harlan akaanza ile ishara.

Alikuwa anainua mkono wa kushoto, ule mzima, anauleta mbele ya kifua, kiganja kikitazama ndani, vidole vimelala kuelekea kulia, dole gumba limesimama. Chini yake, mapajani, imelala ile ngumi ya kulia. Anautuliza hapo, anamkazia macho Rika. "Jumanne," anasema. "Jumanne, Jumanne." Halafu anaanza upya.

Mwalimu wa kusema alifurahi, akasema hiyo ni dole gumba juu, maana yake mambo mazuri. Harlan akamtazama kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Marla alipokuja na kuona mkono kifuani, akasema baba moyo unamuuma, akaita gari la wagonjwa. Wakampima siku nzima. Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wangu. Aliporudishwa alikaa siku mbili hatazami mtu. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu zote, nilisema anataka tai ya kwenda kanisani. Rika akamvalisha tai siku ya Alhamisi, na Harlan, maskini, akaketi nayo mbele ya televisheni.

Januari ikakaribia. Rika alikuwa ameamua kwamba kambi itakuwepo, kiharusi kisiharibu na hilo. Lakini kwa mara ya kwanza maishani alitaka Harlan achague. Alikuwa ananiambia, "Labda ni mara yake ya mwisho. Sitaki nimpeleke nilipozoea mimi." Basi kila baada ya chai ya asubuhi akaketi mbele yake, akainua mkono wake wa kulia, akagusa mahali pamoja baada ya pengine. Hapa kwenye kidole cha mwisho? Hapa kwenye dole gumba? Hapa katikati, kwenye misitu ya misonobari? Harlan alikuwa anatikisa kichwa, kisha anarudia ishara yake: mkono kifuani, dole gumba juu.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Nilikuwa mlangoni nimeleta barua zao, nikamsikia akisema, "Harlan, mimi si mganga! Nionyeshe kwenye mkono kama watu wote!" Halafu nikasikia mtu mzima analia polepole, na sikujua ni yupi. Nikaweka barua chini, nikaondoka.

Marla kwenye simu alikuwa hana shaka. "Mama, chukua ile ile sabini na nne. Baba ameizoea. Kuna njia ya saruji mpaka chooni, kiti cha magurudumu kitapita."

"Ameizoea, sawa," Rika akasema. "Sikuulizi alichozoea."

Lakini hakuwa na jingine la kufanya. Tarehe ishirini ya Januari ikafika, daftari la wiki ya tatu ya Julai lilikuwa linafunguliwa. Nilivuka barabara mapema kuondoa theluji kwenye ile njia ya mteremko ya kiti chake, na nilikuwa na shida yangu pia, maana Rika ndiye aliyekuwa ananichukulia kiwanja changu. Saa mbili kasoro dakika kumi nikaingia na mabuti yanachuruzika maji. Pahala pa kuyaweka ni pale kwenye mkeka, upande wa pili wa meza, mahali anapokaa Harlan siku zote kutazamana na mkewe. Nikakisukuma kiti chake kando, nikamweka bega kwa bega na Rika, kama watu walioketi kanisani. Ni hilo tu nililofanya. Sikuwa na maana yoyote, nilikuwa naokoa zulia.

Marla alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa. Rika aliweka kidole kwenye kitufe, akatazama saa. Saa mbili kasoro dakika mbili. Akageuka akamwona Harlan hapo ubavuni, akamwonea huruma, akainua mkono wake wa kulia mara ya mwisho.

"Haya, mzee. Mara moja tu, kisha nabonyeza. Wapi?"

Harlan aliutazama mkono wa mkewe. Asubuhi zote zile alikuwa anauona kwa nyuma. Sasa alikuwa anauona kama anavyouona mwenye mkono. Akainua mkono wake wa kushoto, ule ule, kiganja ndani, vidole kulia, dole gumba juu. Lakini safari hii hakuuweka kifuani juu ya ngumi yake. Aliupeleka juu ya vidole vya Rika, akaulaza hapo, ukaacha upenyo mdogo tu katikati.

Nisikuchoshe kwa kukueleza lile ambalo mtoto wa shule wa kwetu analijua. Michigan si nchi moja, ni mbili. Ya chini ni mkono wa kulia uliosimama. Ya juu, ng'ambo ya daraja, ni mkono wa kushoto uliolala juu yake. Sisi wa chini tunapenda kuisahau ya juu, hata ramani za kwenye leso huiacha. Wao huko juu wanatuita wakaa-chini-ya-daraja, nasi tunacheka, tunainua mkono mmoja, tunasema hii ndiyo Michigan. Harlan miezi mitatu alikuwa anatuchorea Michigan nzima, lakini mkono wake wa chini ulikuwa umefungwa ngumi, hakuna aliyeuona kuwa ni nchi. Wala asingeweza kugusa mahali, kwa sababu mkono uliokuwa ramani ndio huo huo uliokuwa na kidole cha kugusia.

Rika aliduwaa. Saa ya ukutani ikagonga saa mbili.

"Mama, bonyeza," Marla akasema.

Rika hakubonyeza. Alishusha mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akaulaza mbele ya Harlan. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Hapa?" Naye Harlan, akiwa sasa na kidole kisicho na kazi nyingine, akagusa fundo la katikati la kidole cha shahada. Akagonga hapo mara tatu. "Jumanne," akasema, na uso wake ulilegea kama uso wa mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana.

"Mama! Sabini na nne imekwenda. Mama, umeme umekatika?"

"Umeme upo. Baba yako anataka kuvuka."

"Kuvuka nini?"

"Kuvuka daraja, mwanangu. Kwani yapo mangapi?"

Halafu Marla akacheka kwa mshangao. "Wewe? Uvuke?"

Na hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Wakati Marla ana miaka mitano, Harlan aliwapeleka huko juu, kwenye kambi ya msituni, Ziwa la Mierezi, siku nne. Kurudi, upepo ukawakuta darajani. Njia ya ndani ya daraja lile ni wavu wa chuma, ukitazama chini unaona maji, mbali sana, meusi. Gari likayumba. Rika akashika mlango, akasema mbele ya mumewe na mtoto, Mungu akinifikisha ng'ambo sitavuka tena maisha yangu. Harlan akasema, "Sawa." Mwaka uliofuata Rika akachukua sabini na nne. Harlan hakutaja tena. Miaka thelathini na miwili alikaa ndani ya "sawa" moja.

Rika aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si ile ishara kutomwingia kichwani. "Niliukata mkono wa juu mwenyewe," akasema. "Nikasahau kama niliukata."

Basi akaanza kujiandaa, na kila alipogusa palikuwa ukuta. Kambi za msituni kama ile hazina daftari. Ukikuta kiwanja kitupu ni chako, unajaza karatasi, unaitumbukiza kwenye bomba la chuma. Ukikuta pamejaa, unageuza gari. Kwa mwanamke aliyeishi miezi sita mbele ya wenzake, huko ni kutembea gizani. Alimpigia simu askari wa misitu akamwuliza, je, nikifika nikakuta pamejaa? Askari akajibu, "Utakuwa umepaona, mama." Rika alikata simu, akapika supu ya njegere ya kulisha watu kumi, tukala siku nne.

Daraja nalo. Wapo wafanyakazi wa kukuvushia gari lako kama unaogopa, unaomba tu, na Marla alimsihi afanye hivyo. Rika alikubali. Karavani aliiacha, akachukua hema, kiti, na mkate wa lozi niliomwokea. Asubuhi ya Alhamisi moja ya Julai nikawaona wanakata kona ya mtaa, Rika ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika sahani iliyojaa mchuzi. Kwangu aliacha ufunguo na nyanya zake nizimwagilie maji siku nne.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe kwa simu.

Walifika darajani mchana. Akaegesha pembeni, akaomba mtu wa kuwavusha, akaambiwa asubiri, yuko njiani. Akasubiri. Na alipokuwa anasubiri akaanza kuona itakavyokuwa: yeye nyuma na mabegi, mgeni kwenye usukani, Harlan karibu yake. Mgeni mwenye adabu atamsemesha. Habari ya safari, mzee? Jumanne. Mnakwenda wapi? Jumanne. Akamwona mgeni anajizuia kucheka. Akamwona Harlan anageukia dirisha, safari yake aliyoingoja miaka thelathini na miwili.

"Nilishindwa, jirani. Daraja niliogopa, lakini hilo niliogopa zaidi."

Akatoa pipi mbili za mnanaa mkobani, zile ambazo kanisani tunapitishiana mahubiri yakianza. Moja akamtia Harlan mdomoni, moja akatia mwake. Mahubiri ya kwetu ni pipi mbili. Akajiambia, daraja halitazidi pipi moja. Akawasha gari.

Pipi haikutosha. Njia ya nje walikuwa wanaitengeneza, magari yote yakasukumwa kwenye njia ya ndani, juu ya wavu. Magurudumu yakaanza kulia kama mzinga wa nyuki. Halafu, katikati kabisa, pale juu kuliko pote, msururu ukasimama. Mbele lori la mbao, nyuma basi. Haendi, harudi. Sauti ya nyuki ikakoma, akasikia upepo. Gari likatikisika kidogo chini ya makalio yake. Akakaza macho kwenye namba za lori, akazisoma kwenda na kurudi. Mikono iliganda kwenye usukani hata akaona mishipa.

Hapo Harlan akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya mkono wa kulia wa mkewe pale kwenye usukani, dole gumba juu.

"Najua, mzee," Rika akasema, macho kwenye lori. "Ndiko tunakokwenda. Toa mkono nisitupeleke majini."

"Jumanne."

"Leo Alhamisi."

Harlan akacheka. Ile sauti ya kucheka ilikuwa haijapotea, wala haikuwa imepinda. Ilikuwa ile ile ya kiwandani. Rika akasema alikuwa hajaisikia tangu Septemba, na ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti dakika kumi na moja mpaka lori likasogea.

Ziwa la Mierezi lina viwanja kumi na kimoja. Kumi vilikuwa vimekaliwa. Kilichobaki ni kile ambacho yeye asingempa hata mtu anayemchukia: kimeinama, kina mzizi katikati, hatua nane kutoka choo cha shimo, na mainzi yanayouma yanapokea wageni mlangoni. Rika akashuka akaanza kuhesabu kasoro kwa sauti, kama alivyozoea. Alipofika kwenye mzizi akageuka kumwambia Harlan. Harlan alikuwa anatazama maji. Upande wa pili wa ziwa ndege yule wa majini alilia, yule anayelia kama mtu anayecheka peke yake, na mwingine akamjibu. Harlan hakusema hata Jumanne.

Siku tatu nzima hakuisema. Rika alizihesabu. Hakuna aliyemwuliza kitu, naye hakuhitaji kujibu. Asubuhi alikuwa anamwelekeza kwa kidole, kiti kisogezwe kule, na wakakaa.

Siku ya nne walipaswa kurudi. Ndipo aliponipigia, kutoka duka la barabarani lililo karibu na kambi, ambako wanauza zile sambusa kubwa za nyama na viazi. Alinisimulia haya yote, akachukua muda, nami nikajua anazunguka jambo.

"Sasa mnaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Ndilo nililokupigia," akasema. "Tulifika leo asubuhi mpaka kwenye daraja. Nililiona. Nikageuza gari."

"Rika."

"Kuja nilikuwa nampeleka. Kurudi simpeleki mtu, jirani, nakwenda tu. Miguu haikubali." Nilisikia mtu anaagiza sambusa nyuma yake. "Kiwanja bado kilikuwa kitupu. Nani atakichukua, na mzizi ule? Wanaruhusu mtu akae siku kumi na tano. Marla anakuja na basi atuendeshee, lakini hapati ruhusa kazini mpaka siku hizo ziishe."

Nikamwuliza Harlan amechukuliaje.

"Nilipogeuza gari alinitazama," Rika akasema. "Halafu akasema, sawa."

"Alisema Jumanne?"

"Hapana. Alisema sawa."

Simu ikakatika, huko mawimbi ya simu ni ya kubahatisha. Nikavuka barabara na ndoo. Nyanya za Rika zilikuwa zimeanza kuiva, na zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mpaka warudi.